Chachu Itafutayo Mwenzake

Mgema wa Kibarani hupanda mnazi alfajiri, kotama kiunoni na kibuyu mkononi. Karara changa, lile ambalo bado halijapasuka, alikwisha kulifunga kwa kamba ili lisifunguke. Sasa analipunguza ncha kwa ukato mwembamba sana, na utomvu unaanza kudondoka. Jioni atapanda tena. Kata ya Kibarani iko kaskazini mwa mji wa Kilifi, katika njia kuu ya kwenda Malindi, na imejaa minazi, mikorosho na miembe. Kwa Wagiriama, ule mnazi unaonywewa, yaani tembo, si kinywaji cha kukata kiu tu. Humwagiwa koma, yaani mizimu ya ukoo, hupelekwa kwenye posa, na wazee wakikaa kuamua kesi kadzama ya mnazi hutangulia maneno. Mwanaanthropolojia David Parkin alipoandika juu ya Wagiriama wa upande wa Kaloleni, katika kitabu kilichotoka mwaka 1972, aliitia minazi, ulevi wake na mashahidi katika jina la kitabu chenyewe, kwa kuwa aliona kesi za mashamba na miti hazielezeki bila kinywaji hicho.

Hakuna atiaye hamira katika kibuyu. Utomvu ukidondoka huwa mtamu, sukari yake ikikaribia asilimia 15, na kabla jua halijatua tayari una ulevi wa asilimia 4 au 5. Ukiachwa siku chache zaidi unageuka siki. Kazi hiyo yote hufanywa na viumbe wasioonekana kwa macho, walioletwa na upepo na wadudu, au waliobaki katika kibuyu kutoka jana yake. Wamo bakteria wa namna nyingi, na wamo chachu. Chachu mashuhuri kati yao ni Saccharomyces cerevisiae, ileile inayouzwa dukani katika pakiti za hamira, na ndiyo maana wapishi wa mwambao waliweza tangu zamani kuumua unga kwa tembo pale ambapo pakiti hizo hazikuwapo.

Ninaandika historia ya jambo moja ambalo chachu hii na jamaa yake mmoja hulifanya, jambo ambalo limewachukua wanasayansi zaidi ya karne moja kulifahamu. Chachu ni kiumbe wa seli moja. Haina mguu, haina mkia, haina jicho. Hukaa pale ilipoangukia. Hata hivyo, ukifika wakati wa kuoana, huujua upande aliko mwenzake, ikauelekeza mwili wake huko na kukua kumfuata mpaka wakagusana. Sehemu ya historia hiyo ilianza katika chungu cha pombe cha Afrika Mashariki, na naona ni haki isimuliwe huku kwetu, kwa lugha ambayo jina la jamaa huyo lilitolewa humo.

Ni vyema kwanza tuone ugumu wa jambo lenyewe. Kilomita chache kutoka Kibarani, katika hospitali ya Kilifi, taasisi ya utafiti ya KEMRI na washirika wake wa Wellcome Trust wamekuwa na kituo cha utafiti tangu mwaka 1989, na malaria imekuwa miongoni mwa kazi zao kubwa. Kijidudu cha malaria nacho huoana, ndani ya tumbo la mbu, lakini dume lake lina mkia na huogelea hadi kwa jike. Mbegu ya kiume ya binadamu huogelea vilevile. Chachu haiogelei. Seli moja ya Saccharomyces ina upana wa sehemu 5 hivi za elfu ya milimita. Seli 200 zikipangwa foleni zinatimia milimita 1. Kiumbe wa ukubwa huo, aliyefungwa ndani ya ukuta mgumu, ana njia moja tu ya kufika kwa mwingine: kukua upande mmoja wa mwili zaidi ya pande nyingine. Na akikosea upande, ukuta alioujenga haubomoki ovyo ukajengwa upya penginepo.

Naanzia katika kile chungu cha pombe. Mwaka 1893 mtafiti Paul Lindner alikuwa Berlin, katika taasisi ya utafiti na mafunzo ya watengenezaji wa bia. Ujerumani wakati huo ilikuwa imejitwalia nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na vitu vya kila namna vilikuwa vikisafirishwa kwenda Ulaya kuchunguzwa: ngozi, mimea, mafuvu, ngoma. Miongoni mwa vitu hivyo ilikuwamo pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Lindner aliyatazama machicha yake kwa hadubini, akaona chachu ambayo haikufanana na zile za viwanda vya bia vya kwao. Chachu alizozizoea huchipua: kitoto hutokeza ubavuni mwa mama, kikakua, kikajitenga. Hii ilikuwa na umbo la fimbo fupi, ikirefuka na kisha kukatika katikati, pande mbili zikiwa sawa. Akaipa jina la Schizosaccharomyces pombe. Neno la kwanza la jina hilo ni la Kigiriki na lasema juu ya kugawanyika. La pili alilichukua kwa watu walioipika pombe ile.

Watu hao hawakuandikwa majina. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki upikaji wa pombe ya ulezi na mtama ulikuwa kazi ya wanawake: kuloweka nafaka, kuiotesha, kuianika, kuisaga, kupika uji, kuupoza, kisha kuutia chachu kutoka pishi lililotangulia. Huo ni ufugaji. Chachu iliyofika Berlin ilikuwa imetunzwa na mikono iliyojua machicha yapi ya kuhifadhi na yapi ya kumwaga, na ninasikitika kwamba katika maandishi ya sayansi mikono hiyo imebaki neno moja tu la herufi tano. Siku hizi mambo yamebadilika kisheria. Kenya ina kanuni za mwaka 2006 zinazomtaka mtafiti apate kibali kabla ya kuchukua rasilimali za kijenetiki, na akubaliane na wenyeji juu ya kugawana manufaa. Itifaki ya Nagoya, ambayo Kenya ni mwanachama wake, ilianza kufanya kazi Oktoba 2014, na mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Chachu ya kibuyu cha Kilifi haiwezi tena kufungashwa kihalali na kupelekwa ng'ambo bila mwenyewe kuulizwa. Sheria hizo zimekuja zaidi ya miaka 110 baada ya safari ya kile chungu.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2015, kundi la watafiti lililofanya kazi na Jürg Bähler huko London lilisoma jenomu za chachu hii zilizokusanywa pande nyingi za dunia, zikiwa 161, ili kujua historia yake ndefu. Walikadiria kuwa ilianza kutawanyika duniani yapata mwaka 340 kabla ya Kristo, na kwamba ilifika mabara ya Amerika karibu na mwaka 1623. Makadirio kama hayo yana upana wa makosa, lakini yanaonyesha wazi kwamba chachu ilisafiri pamoja na watu na vyombo vyao vya kunywea.

Baada ya Lindner, chachu ya pombe ilikaa miongo mitano bila kumshughulisha mtu sana. Iliyoifanya kuwa kiumbe cha maabara ni safari nyingine. Mwaka 1921 mtafiti wa Uswisi, A. Osterwalder, aliipata ndani ya maji ya zabibu, na uzao wake ukahifadhiwa katika hazina ya chachu ya Delft, Uholanzi. Kutoka huko kijana wa Kiswisi, Urs Leupold, aliuchukua alipokuwa katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo karibu kila chachu ya pombe inayochunguzwa leo duniani ina jina la Afrika Mashariki na nasaba ya maji ya zabibu.

Leupold alikwenda Copenhagen kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na Øjvind Winge. Mwaka 1935 Winge alikuwa ameonyesha kwamba chachu ya mikate ina maisha ya awamu mbili. Kwa kawaida kila seli huwa na seti mbili za kromosomu, kama sisi. Chakula kikiisha hutengeneza spora nne, kila moja ikiwa na seti moja tu. Spora zikiota, seli zinazotoka huweza kuungana mbili mbili na kurudisha seti zote mbili. Mwaka 1943 Carl Lindegren na mkewe Gertrude, huko Marekani, wakabainisha kuwa seli hizo si za namna moja: kuna aina waliyoiita a na aina ya alfa, na a huungana na alfa tu. Leupold aliona jambo hilohilo katika chachu ya pombe. Alipata aina mbili zisizobadilika, moja ya kujumlisha na nyingine ya kutoa, na ya tatu ambayo hujigeuza vizazi vikipita, hata koloni iliyotokana na seli moja ikaweza kuoana yenyewe kwa yenyewe. Njia yake ya kuzitambua ilikuwa rahisi na nzuri ajabu: aliupitisha mvuke wa aidini juu ya koloni, na koloni zilizooana zikawa nyeusi, kwa kuwa spora zake zina wanga. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1950.

Hadi hapo watu walijua kwamba chachu huoana. Hawakujua zinaambiana nini.

Dalili ya kwanza iliyo wazi ilitoka mwaka 1956 kwa mtafiti aliyeitwa Levi. Aliweka seli za a juu ya agari palipokuwa pameoteshwa alfa, akaona seli za a zinarefuka na kuvimba upande mmoja ingawa hapakuwa na alfa wa kuungana naye. Kumbe alfa huacha kitu kinachopenya katika agari. Kitu hicho kilitafutwa kwa miaka mingi. Mwaka 1970 Wolfgang Duntze, Vivian MacKay na Thomas Manney walitangaza kwamba seli za alfa hutoa majimaji yenye kiini hicho, na katikati ya muongo huo kikawa kimesafishwa na kusomwa: ni mnyororo mfupi wa asidi amino 13. Kikaitwa kiashiria cha alfa. Seli za a nazo hutoa chao, chenye asidi amino 12 na mkia wa mafuta unaokifanya kinate badala ya kuelea. Chachu ya pombe, ambayo nasaba yake iliachana na ile ya mikate mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, ina mpango huohuo: aina moja hutoa kiashiria cha asidi amino 23 kinachoelea, nyingine hutoa cha asidi amino 9 chenye mkia wa mafuta. Kwangu mimi huu ni ushahidi mkubwa wa ukale wa jambo lenyewe. Viumbe wawili waliotengana kabla ya kuwapo ndege wala minazi wanachumbiana kwa desturi moja.

Seli ya a ikipata kiashiria cha alfa hufanya mambo mawili. Kwanza huacha kugawanyika, na hili lilithibitishwa mwaka 1973 na kundi aliloshiriki Leland Hartwell. Seli mbili zinazoungana lazima zote ziwe zimesimama mahali pamoja katika mzunguko wa kugawanyika, kila moja na seti moja ya kromosomu, la sivyo mtoto atatoka na hesabu mbovu. Pili hubadilika umbo, ikatoa ncha upande mmoja hata ikafanana na peasi. Watafiti wa Marekani waliziita seli hizo kwa jina la viumbe vya kuchorwa vilivyotokea mwaka 1948 katika katuni za magazetini za Al Capp, shmoo, na jina hilo likabaki hadi leo katika maandishi ya sayansi.

Je, ncha hiyo hutokea popote tu, au inaelekezwa? Swali hili lilihitaji werevu, kwa maana katika chungu chenye seli mamilioni kila seli imezungukwa na nyingi, na kukutana kwaweza kuwa ni bahati nasibu. Mwaka 1990 Catherine Jackson na Hartwell walichanganya seli za a na alfa za namna mbili, zile zinazotoa kiashiria na zile zilizoharibiwa jeni yake. Seli za a zikachagua zile zinazotoa, na zinazotoa kwa nguvu zaidi zikapendelewa zaidi. Kisha watafiti wakamwaga kiashiria tele katika chombo kizima hata kikawa sawa kila upande. Uchaguzi ukapotea. Seli bado ziliungana, lakini bila kubagua. Jaribio hilo napenda kulieleza kwa kila anayeuliza sayansi hufanyika vipi, kwa sababu lilitenga mambo mawili yaliyokuwa yamechanganyika: seli hujua kwamba mwenzake yupo, na hujua pia yupo upande gani, na elimu hizo mbili si moja.

Miaka mitatu baadaye Jeffrey Segall aliziweka seli mahali ambapo kiashiria kilikuwa kingi upande mmoja na kikipungua polepole kuelekea mwingine. Zikakua kuelekea kilipo kingi. Alikadiria kwamba tofauti kati ya ubavu wa mbele na wa nyuma wa seli moja haikuzidi sana asilimia 1.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowasumbua watu. Juu ya seli kuna vipokezi, protini zilizokaa utandoni zikingoja kiashiria, na kila kimoja kinakishika na kukiachia bila mpangilio. Kama ubavu mmoja umeshika molekuli 100 na mwingine 101, na namba hizo zinapanda na kushuka kila sekunde, seli itajuaje kwamba tofauti ni ya kweli? Jibu lililodhaniwa kwa muda mrefu lilikuwa kwamba seli hupima pande zote kwa pamoja, ikafanya hesabu, kisha ikachagua. Tena iligundulika kwamba seli za a hutoa kimeng'enya, Bar1, kinachokata kiashiria cha alfa. Jambo hili lilionekana la ajabu: kwa nini umharibie mwenzako wito wake? Mwaka 1998 Naama Barkai na wenzake walitoa maelezo ya kihesabu: kwa kukila kiashiria kilichozagaa, seli za a huzuia wito wa mbali na wa wengi usifunike wito wa aliye karibu, na tofauti kati ya pande mbili ikawa kali zaidi. Chachu ya pombe nayo ina kimeng'enya chake cha kazi hiyohiyo.

Lakini hata hilo halikutosha. Ufunguo ulikuwa protini moja ndogo, Cdc42, iliyotambuliwa kwanza katika chachu ya mikate, na ambayo imo pia ndani ya seli zetu. Mahali popote katika ukingo wa seli ambapo Cdc42 hujikusanya na kuamka, pale ndipo nyuzi za aktini hujipanga, vifurushi vya vifaa vya ujenzi vikaletwa, na ukuta ukasukumwa nje. Kujua seli inaelekea wapi ni kujua kibaka, yaani doa dogo la Cdc42, kimekaa wapi.

Mwaka 2013 makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali yalitoa picha mpya, yote katika jarida la Current Biology. Huko Lausanne, Uswisi, Felipe Bendezú na Sophie Martin walichukua chachu ya pombe, wakainyima nitrojeni ili itamani kuoana, wakazitia Cdc42 zake mwanga na kuzipiga picha dakika baada ya dakika. Hawakuona seli inayopima kwa utulivu na kuamua. Waliona vibaka vya Cdc42 vinatokea ukingoni, vinakaa kidogo, vinazimika, vinatokea upande mwingine, vinazimika tena. Kiashiria kilipokuwa kidogo vibaka viliendelea kuhamahama. Kilipokuwa kingi mahali kilipotua, kibaka kiliacha kuzunguka, na seli ikaanza kukua hapo. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Duke, kundi la Daniel Lew likaona katika chachu ya mikate kibaka kimoja kinachotangatanga ukingoni hadi kikaelekea upande wa kiashiria. Seli hufanya kama mtu aliyeingia chumba chenye giza, anayepapasa ukuta hapa na pale mpaka mkono wake uguse mlango.

Mwaka 2016 Laura Merlini, akiwa na Martin na wenzao, akaongeza jambo ambalo ndilo naliona zuri kuliko yote. Kibaka hakipokei tu. Kiashiria chenyewe hutolewa hapohapo kilipo kibaka, na vipokezi hukusanyika hapohapo. Kwa hiyo seli mbili jirani, kila moja ikihamisha kibaka chake, huwa zinaita na kusikiliza kutoka sehemu ndogo tu za miili yao. Vibaka vikitokea mahali pasipoelekeana, wito haupokewi vizuri na vyote viwili huzimika. Vikitokea ana kwa ana, kila kimoja humpatia mwenzake kiashiria kingi, kila kimoja humwimarisha mwenzake, na vyote viwili hukaa. Hakuna seli inayoamua peke yake. Uamuzi unafanyika kati yao. Mwaka 2021 kundi la Lew nalo likaonyesha jinsi kibaka cha chachu ya mikate kinavyosogea hatua kwa hatua kuelekea kwa mwenzi.

Ninaposoma kazi hizi nakumbuka kwamba njia ya kuzifikia ilipitia watu waliokuwa wakitafuta mambo mengine kabisa. Murdoch Mitchison wa Edinburgh aliipenda chachu ya pombe katika miaka ya 1950 kwa sababu ya umbo lake la fimbo tu: hukua kwa urefu, kwa hiyo ukipima urefu umejua umri. Paul Nurse, kabla ya kwenda kwa Mitchison, alikwenda Bern mwaka 1973 kujifunza jenetiki kwa Leupold. Akiwa na chachu hiyo alipata jeni cdc2 inayotawala kugawanyika kwa seli, na mwaka 1987 yeye na Melanie Lee wakaonyesha kuwa jeni ya binadamu inaweza kufanya kazi badala yake ndani ya chachu. Mwaka 2001 Nurse, Hartwell na Tim Hunt walipata Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka uliofuata jenomu nzima ya chachu ya pombe ikachapishwa, kromosomu tatu na jeni karibu 5,000. Na kila aliyeandika juu ya chachu hiyo aliandika neno la Kiswahili katika makala zake.

Je, haya hutokea katika kibuyu? Wakati utomvu ni mtamu, chachu haina haja ya kuoana. Inachipua na kuzidi. Ni pale sukari inapokwisha ndipo nyingine hutengeneza spora, na spora nne hukaa pamoja ndani ya ganda moja, hivyo zikiota huwa jirani kabisa na mara nyingi huoana ndugu kwa ndugu. Kupata mwenzi wa ukoo mwingine kunahitaji msaada wa mdudu. Mwaka 2007 Max Reuter, Graham Bell na Duncan Greig walionyesha kuwa spora zikipita katika tumbo la nzi wa matunda, ganda huyeyuka na spora hutawanyika, na zinazoota huungana na za nje mara nyingi zaidi. Mwaka 2016 Irene Stefanini na wenzake huko Italia wakaona kuwa utumbo wa nyigu ni mahali pa chachu kuoana, hata za spishi mbili tofauti zikapata watoto humo. Mgema yeyote wa Kibarani anajua kwamba kibuyu kilichofunguliwa hukusanya nyuki, nyigu na vijinzi, na hujitahidi kukiziba. Wadudu hao hawaji kunywa tu. Wamebeba chachu kutoka mnazi mwingine, pengine kutoka shamba la jirani wa Tezo au la ng'ambo ya mkondo huko Mnarani.

Limebaki la mwisho, ambalo lilielezwa mwaka 2018 na Aleksandar Vještica, pia katika maabara ya Martin. Ncha za seli mbili za chachu ya pombe zikigusana, nyuzi za aktini hukusanyika mahali pamoja pande zote mbili, ukuta unayeyushwa hapo tu, na miili inafunguka kuwa mmoja. Sasa ndani ya seli hiyo mpya vipokezi vya aina zote mbili bado viko, na viashiria vya majirani bado vinaelea nje. Seli ingeweza kuendelea kupapasa. Kinachoizuia ni protini mbili, moja ikitoka kwa kila mzazi, ambazo hazifanyi lolote zikiwa peke yake. Zikikutana katika kiini, huwasha jeni inayozima hamu ya kuoana na kufungua njia ya kutengeneza spora. Vještica alipoziharibu protini hizo, seli zilizokwisha kuungana zilianza tena kukua kuelekea kwa majirani, zikaungana na seli ya tatu, na watoto wake wakatoka na kromosomu nyingi kupita kiasi. Katika seli isiyoharibiwa, muda mfupi tu baada ya ukuta kufunguka, mlango umekwisha kufungwa.